Plagi ya Tano

Nilistaafu Ijumaa iliyopita, saa saba na nusu mchana, nikiwa na miaka kumi na saba. Hakukuwa na keki. Mwalimu Nekesa, mlezi wa gazeti letu, alinipa mkono, mimi nikamrudishia mkasi wa shule, basi. Kwetu mwanafunzi akiwa kidato cha nne anaachishwa vyama vyote mwisho wa muhula wa kwanza ili asome, na mimi sikuwa na chama kingine ila gazeti la ukutani. Nimelifanyia kazi miaka mitatu na kidogo, dawati la magari, peke yangu. Mwalimu anataka kila anayestaafu awaachie wanaobaki kurasa chache. Walionitangulia waliandika jinsi walivyopandishwa vyeo. Mimi sikupandishwa, kwa hiyo hapo tutaokoa karatasi.

Jambo moja mnalijua, lakini niliandike hata hivyo: mimi ni mtu wa haya. Nikitajwa jina darasani masikio yanashika moto na sauti inakwenda mahali nisipoweza kuifuata. Niliingia gazetini kwa sababu hiyohiyo. Niliona kwamba mtu anaweza kusema neno, watu mia nne wakalipata, na yeye mdomo hajafungua.

Siku ya kwanza nilichelewa, kwa kuwa nilisimama nje ya mlango nikingoja ufunguke wenyewe. Mhariri wakati huo alikuwa Ekisa, kijana mrefu wa kidato cha nne, Mteso, aliyeandika kwa mkono wa kushoto na kuchekea puani. Madawati yote yalikuwa yameshapata watu: mpira, mapishi, vichekesho, barua. Lililobaki ni magari. Akaniuliza najua nini kuhusu magari. Nikamwambia mjomba wangu ni fundi Tororo. Akasema hiyo inatosha, kuna waandishi wana chini ya hapo.

Kisha akanieleza kazi yenyewe. Busia hapa magari ya kutoka Japani yanapita kila siku, safu kwa safu, bado hayana namba. Mwanafunzi akitaka habari zake anasimama kando ya barabara anayaona. "Kwa hiyo wewe, Athieno," akasema, "dawati lako ni la magari ambayo hayajatoka. Yaliyotoka watu wana macho."

Vifaa vilikuwa hivi, na vingine bado mtavikuta. Karatasi za manila, kalamu mbili za wino mzito ambazo moja ilikuwa imekauka tangu kabla yangu, rula ya seremala, na gundi ya unga wa muhogo. Gundi hiyo ipikeni nyepesi kama uji wa mgonjwa, mwipake ikiwa ya vuguvugu, na msibandike chini ya kimo cha kifua. Toleo langu la pili lilibandikwa chini ya hapo, na mbuzi wa bawabu akala ukurasa wa magari wote, injini kwanza, bei baadaye. Ekisa alisema ndiye msomaji wa kwanza kumaliza makala yangu.

Kifaa cha mwisho ni mkebe wa barua, ule wa mafuta ya kupikia uliotobolewa mdomo juu. Kila dawati lina wake. Wenzangu walikuwa wakitikisa mikebe yao Jumatatu asubuhi inachakacha. Mimi nilitikisa wangu muhula mzima wa kwanza, haukusema kitu. Nilikuwa nauinamisha na kuchungulia ndani, labda barua imekwama pembeni. Haikukwama. Sikuandikiwa.

Ekisa alinifundisha wiki mbili tu, ila alichonifundisha kilinibeba miaka. Alinipa maneno matatu: huenda, inasemekana, na kwa mujibu wa. Kila sentensi inayokutisha, alisema, itie moja kati ya hayo. Alinieleza na sababu. Gazeti letu lina desturi, ya zamani kuliko hata Mwalimu Nekesa, inaitwa kusimamia kosa. Ukiandika jambo kwa uhakika na likawa si kweli, Ijumaa kwenye paredi unapanda ile ngazi ya saruji kando ya bendera na kusoma masahihisho yako mwenyewe, kwa sauti, mbele ya shule nzima. Ukiwa uliandika huenda, hupandi. Ekisa alikuwa amepanda mara nne na nadhani alipenda. Mimi nilirudi nyumbani siku ile nikayaandika maneno matatu kwenye mkono.

Nyumbani ni kwa shangazi, Busia upande wa Uganda. Shule iko upande wa Kenya, hivyo mpaka nauvuka mara mbili kwa siku. Shangazi anauza nyanya, na jioni kazi yangu ni kumsaidia, kuongeza nyanya moja juu ya kila fungu analonunua mteja. Kazi hiyo haitaki kusema chochote. Naipenda.

Basi, Raiko. Wengi wenu mmelisikia jina hili kwa sababu yangu, na wachache kwa sababu halisi. Ni gari la mbio la kampuni moja ya Japani, ambalo lilikuwa linasubiriwa tangu nikiwa kidato cha kwanza. Kulikuwa na picha moja tu, tena ya nyuma: taa nyembamba na mkia uliobinuka kama wa bata. Kila mtu duniani mwenye simu alikuwa akibishana juu ya mambo mawili, injini gani na bei gani. Wa injini waligawanyika, silinda nne zenye turbo au silinda sita kama babu yake, Raiko la zamani. Wa bei walingoja wa injini wamalize, hawakumaliza.

Nililiandikia gari hilo kwa uangalifu wa mtu anayevuka daraja la miti. Huenda ni nne. Inasemekana ni sita. Bei ndiyo iliyonipa shida, maana huku hatuulizi gari ni pesa ngapi Japani, tunauliza litakuwa pesa ngapi likishafika. Wakala mmoja wa forodha, mteja wa shangazi, ndiye aliyenielekeza. Anza na bei ya huko, ongeza meli, ongeza bima, kisha ushuru, na ushuru wenyewe unatazama injini: ikiwa kubwa nao unavimba. Alinieleza huku akichagua nyanya, moja kwa kila kodi. Kwa hiyo wale waliosema injini na bei ni mabishano mawili walikosea. Ni bishano moja.

Nikaweka bei kwa shilingi za Kenya na za Uganda. Wiki ile mkebe ukachakacha kwa mara ya kwanza. Ndani mlikuwa na kikaratasi kimoja, mwandiko wa mtoto wa kidato cha kwanza: "Tafadhali andika kwa ng'ombe. Hizo milioni hatuzioni." Nikaenda kumuuliza mpishi wetu wa shule, mama wa kutoka Masinya, upande wa Uganda, mwenye ng'ombe wake, bei ya ng'ombe mzuri. Kuuliza ni neno kubwa, nilimwandikia akanijibu. Toleo lililofuata likasema Raiko huenda likawa ng'ombe mia mbili. Watu walisimama mbele ya ukuta ule mpaka kengele ikapigwa mara mbili. Kijana mmoja wa kutoka Merikit alisema kwa hiyo gari hilo ni mahari ya ukoo mzima, na sasa akaelewa kwa nini linaitwa la kifahari.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka jana, niko kwa Mjomba Owor Tororo, nimekaa kwenye benchi la gereji nikisoma. Saa nne asubuhi likaingia lori la kubebea magari. Juu yake gari moja tu, limebandikwa karatasi zenye mistari myeusi na myeupe mwili mzima, kama punda milia aliyechorwa na mtu mwenye haraka. Sikuona pua, lilikuja kinyume. Niliona mkia. Mkia ule nilikuwa nimeukata kwa mkasi wa shule mara nyingi kuliko nilivyokata kucha zangu.

Walikuwa watu wanne na gari dogo la kuwasindikiza. Mmoja, mgeni wa kofia pana, alikuwa mhandisi. Dereva wao, Mkenya wa Mombasa, alimweleza mjomba kwamba wako kwenye majaribio ya joto na vumbi, na kwamba njiani gari lilinywa mafuta mabaya, sasa linakohoa. Walizungusha turubai pande zote. Mjomba pekee aliruhusiwa kuingia, baada ya kuapa kwamba hatasema alichokiona mpaka wenyewe watakapokitangaza. Aliapa kwa mikono yote miwili. Alipopita kwenye benchi akaniambia, kwa sauti ya chini, "Nyara, mimi nakwenda kuwa daktari ya punda milia." Nyara kwa Dhopadhola, lugha yetu, maana yake ni binti yangu, ndivyo anavyoniita.

Baada ya muda akatoa kichwa nje akamtuma fundi wake mdogo kwa Mama Nabwire, duka la spea la ng'ambo ya barabara: oili ya magari matatu, filta, mafuta ya breki, plagi. Mzigo ulirudi kwenye kasha na kasha likawekwa benchini, sentimita kumi kutoka kwenye goti langu. Plagi zilikuwa juu kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha.

Nikahesabu. Tano.

Nikahesabu tena kutoka upande wa pili. Tano.

Mnaelewa ilivyokuwa. Kila silinda ina plagi yake, hilo mjomba alinifundisha kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Dunia nzima inabishana nne au sita, na mimi Athieno, niliyeketi Tororo, nina jibu ambalo hakuna aliyelitaja. Injini za silinda tano zipo, chache, na mlio wake hausahauliki. 

Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza, fupi: kwa nini tano? Mjomba alikuwa ameapa, sawa. Lakini Mama Nabwire hakuapa. Nikavuka barabara nikilikariri swali. Nikafika mlangoni. Akaniangalia, akangoja. Masikio yakashika moto. Nikanunua peremende moja, akanipa mbili, nikasema asante, nikarudi.

Someni sentensi hiyo tena siku mkiwa na nafasi. Jibu langu lilikuwa kinywani mwangu, nalimumunya.

Injini ilipowashwa nyuma ya turubai nilifumba macho nikahesabu mlio, nikasikia tano waziwazi. Ukishaamua ni tano, sikio nalo linakuwa la heshima, halikubishii.

Muhula ulipofunguliwa nikaandika kwa wino mpya, herufi za rula: RAIKO NI SILINDA TANO. Hakuna huenda. Hakuna inasemekana. Na kwa kuwa injini imekua, ushuru nao umekua, nikapandisha bei hadi ng'ombe mia mbili na kumi. Mwalimu Nekesa alisoma akaniuliza kama nina uhakika. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza tena. Nikaitikia tena.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa tamu, sitawadanganya. Wavulana wa kidato cha nne walichora silinda tano kwenye vumbi la uwanja na kubishana ipi inawaka kwanza. Mwalimu wa fizikia aliacha mawimbi akafundisha injini. Nikapewa jina, Silinda Tano, na watu waliokuwa hawanijui wakanisalimu kwa vidole vitano vilivyonyooshwa. Mkebe ulijaa mpaka mfuniko ukainuka. Nilitembea katikati ya njia, si pembeni. Sijui kama mliona, mimi niliona.

Jumatano ya wiki ya nne Mwalimu Nekesa aliniita ofisini, akanigeuzia simu yake mezani. Kampuni ilikuwa imetangaza. Picha ya mbele, picha ya pembeni, na chini yake kwa herufi ndogo zisizo na huruma: silinda nne, turbo moja.

Nilikaa. Sikuambiwa nikae.

Mwalimu si mtu mbaya. Alisema desturi ni desturi, lakini ananijua, na kama nikitaka atapanda yeye, asome kwa niaba yangu, mistari miwili, imekwisha. Nilimwomba nijibu kesho. Nilivuka mpaka jioni ile bila kujua nimevuka.

Kwa shangazi nikaomba simu nikampigia mjomba. Kwa kuwa wenyewe wameshatangaza, kiapo kilikuwa kimekwisha. Nikamuuliza plagi za siku ile zilikuwa ngapi. Akasema tano. Nikamuuliza silinda. Akasema nne, kwani umesikia nini. Basi, nikasema, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtu aliyefinywa mlangoni, ya tano ilikuwa ya nini?

 Nikasikia anacheka, si kidogo, na akiwaeleza mafundi wake kwa Dhopadhola, na wao wakianza. Aliporudi kwenye simu alikuwa hapumui vizuri.

"Nyara, ile ilikuwa nyongeza. Vitu vyote ile tulinunua kwake, Mama Nabwire angeacha kutupa nyongeza? Kwani huko shule ya Kenya wamekufundisha kusahau nyongeza?"

Nilikuwa nimesimama kwenye meza ya shangazi. Mkononi nilikuwa na nyanya, ile ya kuongeza juu ya fungu. Mteja alikuwa anaingoja.

Mimi, ninayetoa nyongeza kila jioni ya Mungu, niliona nyongeza nikaiita silinda.

Nilicheka mpaka shangazi akanipokonya simu kuuliza nani amekufa. Nilipomweleza akakaa juu ya kreti akacheka na yeye, na mteja wake pia, na fungu lile likapata nyanya tatu za ziada.

Asubuhi nilimwambia Mwalimu Nekesa nitapanda mwenyewe. Msidhani ni ushujaa. Kisa kilikuwa kizuri mno, sikuweza kumpa mtu mwingine akisimulie.

Ijumaa. Ngazi ya saruji ina madaraja matatu, niliyahesabu mara mbili, safari hii kwa uangalifu. Nilikuwa na karatasi. Nilisoma mstari wa kwanza, na nyuma wakaanza kupiga kelele, "Hatusikii!" Nikasoma tena. "Silinda Tano, sauti!" Masikio yalikuwa yanawaka kiasi kwamba nadhani yalionekana kutoka Malaba. Nikashusha karatasi. Nikasema tu, kama ninavyowaandikia hapa. Benchi, kasha, mfuko wa nailoni. Tano. Swali ambalo sikuuliza. Peremende moja iliyokuwa mbili.

Hapo kwenye peremende, kabla sijafika mwisho, nikasikia mtu mmoja ameelewa. Alikuwa mpishi wetu, yule mama wa kutoka Masinya, amesimama mlango wa jiko na mwiko mkononi. Alicheka akashika mhimili. Kisha wakafuata wanafunzi wanaoishi ng'ambo ya mpaka kama mimi, maana wao wamekua kwenye nyongeza, na kicheko kikaenda safu kwa safu kuelekea kwa wale wa Kenya, nikakiona kinavyokwenda, mpaka mwalimu wa fizikia naye akavua miwani.

Nilidhani nimemaliza. Nikaweka mguu kwenye daraja la chini. Mtu wa nyuma akaita, "Na bei?"

Hilo sikuliandika popote. Nikasimama palepale nikapiga hesabu: injini imepungua, ushuru nao umepungua.

"Ng'ombe mia mbili na kumi wameshuka," nikasema. "Sasa ni mia moja na tisini."

"Na nyongeza je?"

"Ndama mmoja," nikasema.

Siwezi kuandika kelele iliyofuata, karatasi za manila hazitoshi. Niliteremka nikiwa nimeinamisha kichwa, ila nilikuwa naitabasamia ardhi.

Toka siku ile nimeandika matoleo mengine, yote na huenda, na pale pasipo na huenda, kwanza niliuliza. Bado huwa nasimama mlangoni kidogo kabla ya kuuliza. Peremende zimepungua.

Mnaochukua dawati, tayari kuna uvumi wa Raiko kubwa zaidi, inasemekana silinda sita, huenda mwakani, na bei hakuna anayejua. Ng'ombe wamepanda, msitumie hesabu yangu ya zamani. Kalamu iliyokauka nimeiacha, imekaa miaka mingi kuliko sisi sote. Mbuzi wa bawabu amezaa, kwa hiyo bandikeni juu zaidi.

Na mkebe. Mjomba Owor alinitumia kifurushi kwa mkono wa muuza vitunguu, kimefungwa kwa karatasi ya gazeti: ile plagi ya tano, mpya, haijawahi kuingia kwenye injini yoyote. Nimeitia ndani ya mkebe wa barua za magari. Msiitoe. Najua muhula wa kwanza ulivyo. Jumatatu asubuhi utautikisa kabla ya kuufungua, na hata kama hakuna aliyekuandikia, hautanyamaza.